Sagaro Kwenye Sufuria ya Jirani

Watu wakisikia kwamba nimewahi kula mnyama aliyegongwa na gari, swali la kwanza huwa ni ladha. Basi nianze na hapo, tumalize. Nyama ya digidigi ni nyekundu iliyokolea, haina mafuta hata ya kupaka ukucha, na ukiichemsha kupita kiasi inakuwa kama kamba. Inataka tangawizi, kitunguu kingi na mafuta ya kuongezea. Kichwa hukatwa na kutupwa mbali kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu chini ya jicho kuna tezi yenye utomvu mweusi, na mkono uliogusa utomvu huo ukigusa nyama, mlo wote unanuka. Ikipikwa na mtu anayejua, ni tamu kuliko mbuzi. Kuhusu hilo sisemi uongo. Uongo wangu unakuja baadaye, na ndio uliofanya niandike haya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni Kitui, upande ule mkavu, lakini kazi ilinipeleka kituo kidogo kwenye barabara ya kutoka Garissa kwenda Modogashe: maduka machache, msikiti, kisima cha maji ya chumvi, shule, na lori za mifugo zinazopita bila kupunguza mwendo. Nilifika na godoro, ndoo na sufuria mbili. Nilitarajia kukaa mwaka mmoja kisha niombe uhamisho, kama wote wanavyofanya. Nimekaa mpaka nimeacha kuhesabu.

Sababu ya kukaa alikuwa mama mwenye nyumba. Alikuwa ajuza wa Kisomali, mjane, mwembamba na mrefu, na boma lake lilikuwa na nyumba mbili za mabati: yake, na ile ya chumba kimoja aliyonipangisha. Jiko lilikuwa moja, kibanda cha miti na magunia, upande wake mkono wa kulia na upande wangu kushoto. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Aliona mwanga na kivuli, basi. Binti yake mmoja, aliyekuwa muuguzi mjini Garissa, alikuwa akija Ijumaa na kurudi Jumamosi, na kila akija walizungumza habari ya upasuaji wa macho, na kila wakati kulikuwa na kitu cha kuahirisha.

Kwa hiyo macho yake nilikuwa mimi. Asubuhi kabla sijaenda shule nilikuwa nikisoma karatasi ya dawa na kumpa vidonge mkononi. Nilimsomea ujumbe wa simu. Nilimwambia kama nguo imetakata, kama mchele una mawe, kama maziwa yamebadilika rangi. "Inantayda, angalia," alikuwa akisema, yaani binti yangu, angalia, na nikiangalia nikasema, mambo yakaisha hapo. Hakuwahi kumuuliza mtu wa pili. Binti yake naye alianza kuniita abaayo, yaani dada, na kwa watu wale neno hilo halitolewi kwa kila anayepanga chumba.

Kulikuwa na kipindi walimu wengi wa kutoka bara walifungasha wakaondoka kwa hofu ya mashambulizi dhidi ya wasio wenyeji, na wa kuondoka walikuwa na haki. Mimi nilifungasha pia. Mama alikuja akakaa juu ya begi langu, mzima mzima, na fimbo yake magotini. Akaniambia, "Mtu akiuliza, nasema huyu nimezaa mimi. Nani atabishana na mimi? Mimi sioni, wao ndio wanaona." Nikacheka huku nalia. Nilifungua begi jioni ile.

Mnaweza kuona basi kwamba sikuwa na sababu yoyote ya kumdanganya mtu huyo.

Sufuria yangu kubwa ilitoboka kitako. Nikaipeleka kwa fundi Garissa, na fundi wa Garissa ana ahadi nyingi kuliko misumari. Mama alisikia nikipika ugali mara mbili kwa kisufuria kidogo kwa ajili ya mgeni, akaniletea yake: pana, nzito, yenye mfuniko wa zamani, iliyokuwa ikitumika kwenye sherehe za familia. Aliishika kwa mikono miwili, hakuiachia mpaka aseme neno lake, kwa ile lafudhi yake inayogeuza p kuwa b.

"Hii ya kubika kitu halali. Nyama ya kuchinjwa na Muislamu. Hiyo tu, inantayda."

Nikasema ndiyo mama. Ilikuwa ahadi rahisi. Nyama yote ya kituo kile huchinjwa na Waislamu, na mimi nguruwe sijawahi hata kumwona kwa karibu. Nilitumia sufuria hiyo miezi mingi bila kufikiria.

Kisha mvua ikakataa. Ikakataa msimu wa kwanza, ikakataa wa pili. Mbuzi wa mama walianza kufa mmoja mmoja, na kila asubuhi alikuwa akitoka zizini akiwapapasa migongo, akiwahesabu kwa vidole. Mbuzi jike wa mwisho mwenye maziwa, mama alikuwa akimkamua kikombe kimoja tu, na nusu ya kikombe hicho iliingia kwenye chai yangu. Nilikataa. Alikasirika. Nikanywa. Mbuzi huyo naye alipokufa, ndipo chai ya boma letu ikawa ya rangi, na chakula kikawa anjera kavu, ile mikate ya maji ya Kisomali, na mchele wa msaada. Kwenye bucha waliacha kutundika nyama, maana hakukuwa na mnyama wa kuchinja mwenye nyama ya kutundika.

Wanyama wa porini walikuwa wakisogea barabarani. Kwenye kingo za lami kulibaki kijani kidogo, pale umande na maji ya mtaro yanapoteremka, na swala na digidigi walikuja kung'ata hicho hicho. Digidigi, ambaye wenyeji wanamwita sagaro, ni mdogo kama mwanambuzi, na hatembei peke yake. Huwa wawili, dume na jike, siku zote. Lori zilikuwa zikiwapiga alfajiri, na asubuhi ukienda shule ulimkuta mmoja amelala na mwenzake amesimama kwenye kichaka.

Mwalimu mwenzangu, mwanamume wa kwetu Kitui aliyekuwa na pikipiki, alikuwa akiwaokota. Kwetu Ukambani hatuoni haya na nyama ya pori. Babu yangu angecheka akisikia mtu amepita nyama barabarani akaiacha. Mwenzangu alikuwa na elimu yake kamili. Unatia kidole kwapani mwa mnyama kuona kama kuna joto. Unatazama jicho kama bado linang'aa. Unabonyeza tumbo, likiwa limepasuka ndani, unamwachia fisi. Na unatazama kupe: kupe wakiwa bado wameng'ang'ania ngozi, mnyama ni wa sasa hivi, wakishaanza kushuka, achana naye. Alikuwa akiyafanya haya haraka na kwa wizi, kwa sababu sheria hairuhusu mtu kushika nyama ya pori hata iliyouawa na gari, na askari wa wanyamapori hawaulizi nani aliyegonga.

Jumamosi moja alikuja asubuhi na gunia. Binti alikuwa amesharudi Garissa kwa gari la alfajiri, na mama alikuwa amekwenda kumtazama mgonjwa kwa jamaa zake ng'ambo ya kisima, na alisema atarudi alasiri. Ndani ya gunia kulikuwa na dume, wa moto kabisa, shingo imevunjika. Mwenzangu alikuwa amemkata koo.

"Alikuwa hai?" nikamuuliza.

"Wapi! Alikuwa ameshakufa. Nimekata tu, mtu akiona asiwe na maneno."

Jeraha lile lilikuwa safi. Mnyama aliyechinjwa hai hutoka damu mpaka unachoka. Huyu kisu kilikuwa kimepita kama kwenye mkate. Nililiona hilo kwa macho yangu mawili mazima. Mnyama aliyekufa kabla ya kuchinjwa ni kibudu, wao wanasema bakhti, na watoto wangu wa darasa la nne wangeweza kukueleza hilo huku wamelala. Siwezi kusingizia ujinga.

Basi kwa nini nilimtia kwenye sufuria ya mama? Nimelitafuta jibu kubwa, sijalipata. Kisufuria changu kilikuwa kidogo. Mwenzangu alikuwa na njaa, mimi nilikuwa na njaa, na nilijiambia nitaisugua sufuria kwa majivu na mchanga kabla mama hajarudi. Ndivyo ilivyokuwa. Nilivunja neno la mtu aliyekalia begi langu, kwa sababu ya ukubwa wa sufuria.

Tulimchuna nyuma ya jiko. Nilichemsha na tangawizi na chumvi, nikamwaga maji ya kwanza yenye povu jeusi, nikachemsha tena, nikakaanga na vitunguu viwili vya mwisho na mafuta ya kopo. Harufu ilijaa boma. Nilikuwa nimesahau kwamba harufu ya nyama inaweza kumfanya mtu aimbe, na nikaimba, wimbo wa kwaya ya kwetu, nikikoroga.

Fimbo ya mama nikaisikia langoni kabla ya adhuhuri. Mgonjwa alikuwa amelala, akaona asimsumbue. Mwenzangu akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli kwa fundi wa pikipiki, akapita kwenye tundu la ua wa miiba kama paka. Mimi nilibaki na mwiko.

Alikuja moja kwa moja mpaka mlango wa jiko akasimama. Pua yake ilikuwa inatembea.

"Sagaro," akasema.

Nikaendelea kukoroga.

"Hii ni sagaro. Mimi najua. Nimekula nikiwa mdogo kama kikombe." Kisha uso wake ukabadilika kidogo, na mkono wake ukapapasa rafu pale sufuria yake inapokaa siku zote. Haikuwepo. "Inantayda. Unabika na sufuria gani?"

"Yako, mama."

"Nani alichinja?"

Hapo ndipo. Ningesema, samahani mama, nimekosa, ni mwenzangu ameokota. Angekasirika. Angenyamaza siku mbili tatu. Angeitupa sufuria, na mimi ningemnunulia nyingine Garissa, na siku moja angenitania kuhusu jambo hilo mbele ya wageni. Sasa najua ingekuwa hivyo. Wakati ule niliona kitu kimoja tu, uso wake ukinifungia mlango, na nikaogopa kama mtoto.

"Utingo wa lori," nikasema. "Gari ilimgonga lakini hakufa. Utingo akaruka akawahi kumchinja."

"Utingo ni Muislamu?"

"Muislamu, mama. Alisema bismillahi. Mimi mwenyewe nilimsikia."

Hilo la bismillahi hakuna aliyeniomba. Nililiongeza kwa hiari yangu, kama mpishi anavyoongeza chumvi.

"Alhamdulillah," akasema, na mabega yake yakashuka.

Nilidhani yameishia hapo. Nilidanganya kwa ajili ya sufuria, jamani, kwa ajili ya sufuria tu. Haikunipitia akilini kwamba atataka kula. Lakini yeye alitandika mkeka wake mlangoni, akakaa, akanawa mikono kwa maji ya birika, polepole, kila kidole, akainua uso upande wa jiko akingoja. Ni mtu aliyekuwa hajaonja nyama tangu mbuzi wake wamalizike. Ni mtu aliyekuwa akinigawia nusu ya kikombe cha maziwa.

"Niwekee kidogo," akasema. "Ile ya mguu."

Wahenga walisema ukila na kipofu usimshike mkono. Wahenga hawakusema lolote kuhusu kumpakulia. Kati ya neno lake na sahani palikuwa na muda mrefu, niamini. Nilichukua sahani, nikaifuta, nikaifuta tena. Nikapakua mchele. Nikachagua mguu. Ningeweza kuidondosha sufuria nzima mchangani nikasema mkono umeteleza, na nililifikiria hilo, na harufu ikanizuia, na aibu, na uvivu, sijui. Nikaiweka sahani mbele yake, nikamshika mkono nikauelekeza kwenye nyama.

Akasema bismillahi. Akala.

Alikula taratibu, akiuvua mfupa nyama yake yote, kisha akaupasua kwa jiwe na kunyonya uboho. Akaanza kusimulia. Mwaka mmoja wa njaa, alipokuwa msichana mdogo, kaka yake alikuwa akiwatega sagaro kwa kitanzi cha kamba ya mkonge, na baba yao aliona haya, kwa sababu mtu mwenye ngamia hawindi, lakini ngamia walikuwa wamekufa, na haya haishibishi. Kaka huyo alikuwa akimnyofolea yeye figo kwanza, kwa kuwa alikuwa wa mwisho kuzaliwa. Alikufa kabla hajaoa. Alisema hajawahi kuonja sagaro tangu wakati huo. Alikuwa akicheka na machozi yanamtoka kwenye yale macho meupe, na mafuta kidevuni, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake nikitafuna nyama ile ile, na haikuwa na ladha yoyote.

"Weka moja ya binti yangu," akasema alipomaliza. "Ijumaa anakuja. Nataka aonje."

"Imeisha, mama."

Haikuwa imeisha. Nusu ilikuwa bado sufuriani. Adhuhuri alipoingia ndani kuswali, niliibeba nikaimwaga kwenye kichaka nyuma ya shule. Kisha nikaisugua sufuria mara saba, majivu, mchanga, sabuni, mchanga tena, kwa sababu mwanafunzi aliwahi kuniambia kitu najisi kinatakaswa kwa kuoshwa mara saba. Baadaye nikajua kwamba hiyo saba ni ya chombo kilicholambwa na mbwa. Ningemuuliza nani? Mtu niliyezoea kumuuliza mambo ya dini alikuwa ndani, anaswali.

Juma lililofuata fundi alinirudishia sufuria yangu, nami nikamrudishia mama yake. Aliipapasa ndani kwa kiganja akasema imeng'aa kuliko alivyonipa. Na ikarudi kwenye kazi zake. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nikiiona upande wa kulia wa jiko, futari inachemka ndani yake, nami natoka nje kwenda kutazama barabara.

Mvua ilikuja, mbuzi wachache wakanunuliwa, mwenzangu akapata uhamisho akaenda zake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinyooka tu, misimu ikapita, na hakuna aliyeikata. Mara nyingi nilikaribia kumwambia. Tukiwa tunachambua mchele, nikiwa nampa dawa, neno lilikuja mpaka kooni. Kisha alikuwa akisema "inantayda, angalia," nami nikaangalia, nikasema ukweli kuhusu mchele.

Alipougua mara ya mwisho, binti yake alimpeleka hospitali, akakaa huko majuma mawili, na madaktari wakasema arudi apumzike nyumbani, na sisi tukaelewa. Watu walianza kuja. Huko mtu akiwa anaondoka, majirani huja kuombana msamaha; kila mtu huingia, huinama, husema kama nilikukosea nisamehe, na mgonjwa hujibu, na yeye naye huomba. Nilingoja mpaka wengine wamalize. Niliingia asubuhi moja kabla ya shule, nikakaa chini kando ya kitanda chake. Nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nimerudia maneno usiku kucha kama mtoto anayekwenda kusoma shairi jukwaani.

Yeye akanitangulia. "Inantayda, nisamehe. Mimi nilikuwa mkali na wewe siku ingine. Maji, ile siku ya maji." Hata sikumbuki siku ya maji ni ipi.

"Nimekusamehe, mama. Mama, mimi pia..."

"Wewe hakuna kitu," akasema, akaupiga mkono wangu kidogo. "Wewe ulikuwa macho yangu. Macho inakosea mwenyewe?"

Nikamwekea kidonge mkononi, nikamshikia maji, nikaenda shule kufundisha hesabu. Alifariki siku iliyofuata saa za asubuhi, na kabla ya alasiri alikuwa ameshazikwa. Wanaume walimbeba. Mimi nilikaa na wanawake bomani, nimejifunga shela nyeusi ya binti yake, na walioingia kutoa pole walinipa pole mimi pia.

Siku za matanga zilipokwisha, binti alikuja mlangoni kwangu na sufuria ile, imefungwa kwa kanga. Alikuwa amekonda. Akaketi kwenye ndoo yangu iliyogeuzwa, pale anapopenda kukaa.

"Abaayo, Hooyo alisema hii ni yako," akasema. Hooyo ndivyo walivyomwita mama. "Alisema mpe aliyenipikia sagaro. Unajua hadithi hiyo aliisimulia mpaka hospitali? Kwa wauguzi wote wa wodi. Alisema, mtoto wa watu, si wa dini yetu, lakini alisimama barabarani akasikiliza kama yule mtu amesema bismillahi. Kwa ajili yangu mimi. Alisema nani mwingine angesikiliza?" Akafuta macho kwa ncha ya leso. "Alitaka kuniwekea, ikaisha. Kila mara alisema hivyo. Ilikuwa furaha yake kubwa, abaayo."

Ningeipokea sufuria nikasema asante. Ndicho alichokuja kupata, asante yangu, na kulia pamoja kidogo. Lakini lile la bismillahi lilinichoma mahali ambapo sikuwa na ngozi tena, na nikafungua mdomo, na yote yakatoka: gunia, shingo, kisu kilichopita bila damu, mwenzangu kwenye tundu la ua, nyama niliyoimwaga nyuma ya shule. Nilisema haraka. Ninapolitazama sasa, naona nilikuwa nikiongea kama mtu anayetua mzigo, wala sikutazama ninamtulia nani.

Alisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni muuguzi, amezoea kusikiliza.

"Alikuwa ameshakufa?" akauliza.

"Alikuwa ameshakufa."

"Na bismillahi?"

"Hakuna aliyesema."

Akaikunja leso yake mara mbili, mara nne, ikawa ndogo kama sabuni. Nje mbuzi walikuwa wanalia kwa ajili ya maji. Nilingoja anitukane. Ningemshukuru.

"Mtu akila bila kujua hana makosa," akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Hooyo yuko sawa. Kwake ilikuwa halali, amekwenda nayo hivyo." Akainua macho akanitazama, mazuri, meusi, yanaona kila kitu. "Lakini mimi ulitaka nijue ya nini?"

Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja kizuri cha mama yake, ile Jumamosi ya mkeka na uboho na kaka wa figo, nami nilikuwa nimekichinja mbele yake, baada ya mwenyewe kufa.

Akasimama. Nilimsukumia sufuria, nikasema airudishe kwao, sistahili. Akatikisa kichwa.

"Kwetu haiwezi kurudi," akasema. "Tumefuturu nayo, na sasa najua. Chukua tu, mwalimu."

Akatoka, akalifunga lango taratibu kama anavyofanya siku zote, ili mbuzi wasitoke. Boma sasa ni lake, na mimi bado nimepanga chumba kile kile. Ijumaa anakuja, Jumamosi anarudi. Hunisalimia kila mara, tena kwa heshima, na huniita mwalimu.